Krepisage mupya: usiipake rangi mbio mbio

Masoni akimaliza krepisage (ile sima ya kulainisha ukuta) leo, kesho usiite pentre, hata kama ni shemeji yako na anasema iko na nafasi paka hii wiki. Ukuta ya sima mupya iko na bintu mbili byenye kuua rangi: maji yenye ingali ndani, na ukali ya sima yenyewe, pH yake inafikaka 12 ama 13. Ukiweka rangi ya mafuta pale, ile ukali inaikula, inaigeuza kama sabuni, inaanza kunata kisha inatoka vipande vipande, halafu batu banasemaka eti rangi ilikuwa ya bandia. Rangi haina kosa.

Siku 28 njo ya kuanzia, lakini ile ni wakati jua iko na hewa inapita. Huku Bukavu mvua inatupigaka tangu mwezi wa 9 mpaka wa 5, basi ukikrepir mu mwezi wa 11 uhesabu hata miezi mbili, ukiweza kupangia mwezi wa 6 mpaka wa 8 ni muzuri zaidi. Siku za kwanza unainywesha maji asubui na mangaribi juu isipasuke, kisha unaiacha na madirisha wazi. Mbabula ya makala mu chumba eti ikauke, hapana! Juu inakauka, ndani inabakia na maji, na ule moshi unauaka batu.

Ya kupima: kata plastiki yenye kuonesha, kama sentimetre 50 kila upande, funga pembeni zote na skochi, acha mpaka kesho saa ile ile. Ukikuta matone ndani, ngoja tena.

Sasa ule ukuta ya nyuma, yenye kukatiwa mu mulima, ile ya ku milima ya Kadutu na Panzi huku Bukavu kila mutu anaijua. Hata ungoje mwaka muzima haitakauka, ju kila mvua udongo inaisukumia maji. Kwanza chimba mufereji kule nyuma maji ipate njia, mambo ya rangi njo inafuata, na pale usiweke ya mafuta, inaziba mvuke na inavimba kama andazi. Chokaa ama lateksi (rangi ya maji) yenye haing'ae inatosha.

Ukuta ikishakauka, kwangua na spatila mabaki yote ya sima. Ukiona unga nyeupe kama chumvi usiioshe, maji inairudisha ndani, sugua tu na brosi kavu, ikirudi baada ya siku kidogo basi ujue ukuta ingali na maji. Mastiki (ile ya kuziba matundu na kulainisha ukuta) weka nyembamba mara mbili, usiweke moja ya kunenepa, ikikauka upitishe papie emeri, kisha upanguse vumbi yote. Bapentre minga banarukaka hii ya vumbi, njo maana ukivuta skochi rangi inakuja nayo.

Kushi ya kwanza ya lateksi (kupaka mara ya kwanza) uichange na maji, kama litiri moja ku litiri tano, juu ukuta mupya inakunywa sana na hii ya mepesi inaingia ndani ikashika. Anza na plafo, kisha pembeni na pinso, kisha rulo. Kushi ya pili na ya tatu bila maji ama kidogo sana, na wakati ya mvua uache kila moja ilale usiku. Litiri moja inapakaka karibu metre 10 za mraba ku ukuta laini, ya kwanza inakula zaidi, kwa hiyo nunua bido zote siku moja na uchanganye mu ndoo kubwa, la sivyo salo itakuwa na rangi mbili.

Ile ya mafuta yenye batu banapendaka ku metre ya chini juu ya mikono ya batoto, ingoje hata miezi tatu. Batoto bachafue kwanza, lateksi inarudiliwaka.