Bastola "imerekebishwa": namna ninavyohakikisha

Nalinda ghala usiku hapa Houston. Bastola niliyoinunua ilipoingia tu sokoni imerudi kiwandani mara mbili kwa kukwama, na mara zote ikaja na kikaratasi: "imekaguliwa". Imekaguliwa, sawa, lakini mmebadilisha nini?

Anza na swali hilo. Dai jina la kipuri, na namba za bastola zilizotengenezwa baada ya mabadiliko. Mwaka 2017 kampuni ya silaha ya SIG Sauer ilipotangaza marekebisho ya bastola yake ya P320, iliyoweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani, ilitaja sehemu zenyewe: kifyatulio na kigongeo (kinachoigonga risasi) vilipunguzwa uzito. Malalamiko ya aina nyingine, kufyatuka bila kuguswa, yaliendelea hadi mahakamani, kampuni ikikana. Kwa hiyo hakikisha tatizo lililotatuliwa ndilo lako.

Kisha nenda uwanja wa shabaha. Isafishe, itie mafuta, halafu piga risasi 500 bila kuisafisha tena. Angalau 200 ziwe zilezile unazobeba kazini. Ni ghali, najua, lipa. Andika namba kwenye kila magazini (kasha la risasi), maana magazini mbovu huisingizia bastola. Baadhi ya hizo 500 zipige kwa mkono wa kushoto peke yake. Ikikwama, andika papo hapo: magazini ipi, risasi ya ngapi, ganda la risasi limenasa wapi.

Ikikwama kwa namna ileile ya zamani, haijapona. Kikibadilishwa kipuri kingine, hesabu inaanza upya. Yangu ilikwama kwenye risasi ya 311, na kazini bado nabeba bastola yangu ya zamani.