Bomba la sindano la cc 20 mezani kwa fundi

Kwenye meza yangu hapa Kirumba, Mwanza, pana bomba la sindano la cc 20 lisilo na sindano. Mteja mgeni akiliona hunitazama kama nimefungua zahanati ya uchochoroni. Ndilo kipimo changu cha oili ya kuchanganya na petroli (cc moja ni mililita moja), na kama una msumeno wa mnyororo, mashine ya kukatia majani au injini ya boti ya tu-stroki, tafuta la kwako. Duka la dawa wanauza.

Kwanza ujue mashine yako ni ya aina gani. Usimuulize jirani, iulize yenyewe. Fo-stroki ina kifuniko cha oili chini kwenye bodi, mara nyingi chenye kijiti cha kupimia. Hiyo inakunywa petroli tupu, na oili inakaa kwenye chumba chake. Tu-stroki nyingi hazina mahali pa kuweka oili, kwa hiyo kinacholainisha pistoni na beringi ni oili iliyochanganywa na petroli. Soma kifuniko cha tangi, mara nyingi wameandika 50:1 au 25:1. Usidanganywe na umbo: Honda GX35 inafanana na tu-stroki za kukatia majani, lakini ni fo-stroki na inabeba oili yake, mililita 100 tu. Injini nyingine za boti ni tu-stroki zenye tangi la oili pembeni zinazojichanganyia zenyewe, hizo fuata kitabu chake.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. 50:1 ni petroli sehemu hamsini kwa oili sehemu moja. Kuna mteja alisoma akaelewa ni mililita 50 kwa lita, akaniletea mashine inayofuka moshi kama tanuri la matofali, plagi imelowa chepechepe. Kumbuka hivi: lita moja ya petroli, bomba moja la cc 20, umepata 50:1. Mabomba mawili ni 25:1. Kidumu cha lita tano kwa 50:1 ni mabomba matano. Basi.

Chukua kidumu safi kikavu, tia petroli nusu, tia oili, funga, tikisa, kisha malizia petroli na utikise tena. Usichanganyie ndani ya tangi la mashine, oili itatuama chini na kuingia kwenye kabureta peke yake. Oili nyingi za tu-stroki zina rangi, ya bluu, kijani au nyekundu. Tia kidogo kwenye chupa nyeupe inayopitisha mwanga, inua juani: ikiwa na rangi, imechanganywa. Lakini usiihifadhi kwenye chupa ya soda, nyumbani kuna watoto. Changanya ya kutumia ndani ya mwezi, na tikisa kidumu kila unapojaza.

Oili gani? Ya gari hapana, hata ikiwa ghali. Imetengenezwa kukaa ndani ya injini, haikutengenezwa kuungua, itaacha masizi na ringi zitanata. Huku ziwani kuna kosa la pili: kila duka la mwaloni, pale boti zinapofikia, lina oili ya boti iliyoandikwa TC-W3, watu wanaitia kwenye msumeno. Injini ya boti inapozwa na maji, msumeno unapozwa na upepo na unachemka zaidi. Wa msumeno atafute kopo lililoandikwa JASO FD, ndilo daraja la oili ya tu-stroki.

Petroli tupu kwenye tu-stroki naijua kwa mfuko wangu. Mwaka wangu wa pili kazini nilijaza mashine ya mteja kutoka kidumu nilichodhani nimeshachanganya. Ilivuma vizuri dakika chache, sauti ikapanda, ikakata. Nilipofungua ekzosi na kumulika na tochi, pistoni upande ule ilikuwa na mikwaruzo ya wima kama imeparuzwa na paka. Silinda na pistoni nilinunua mimi. Tangu siku hiyo kila kidumu changu kimeandikwa kwa rangi.

Fo-stroki haina mambo mengi. Iweke pahala tambarare, futa kijiti, kitumbukize bila kukikaza kama ni Honda GX160, chomoa uangalie. GX160 inachukua zaidi kidogo ya nusu lita, na oili iliyoandikwa 10W-30 inafaa. Mwaga ya kwanza baada ya masaa 20 ya kazi, kisha kila masaa 100 au miezi sita. Nyingine zina kidude kinachozima injini oili ikipungua. Jamaa mmoja wa dagaa alikuja analalamika, "Fundi, hii jenereta nimeibadilishia plagi tatu na bado!" Nikachomoa kijiti, kikavu. Nikatia oili, ikawaka kwa kuvuta kamba mara moja. Alinuna badala ya kushukuru, nadhani alikuwa anahesabu bei ya zile plagi.

Oili imwage injini ikiwa ya uvuguvugu, inatoka na uchafu wake. Usiimwage mtaroni, inaishia ziwani. Yangu naikusanya kwenye dumu, na seremala wa jirani huja Jumamosi kuichukua apake nguzo dhidi ya mchwa.