Dai mbovu au mkono mbovu? Somo la kupima kabla hujamvaa muuzaji

Naandika hili mara moja ili nisiandike tena. Ujumbe ninaopata ni uleule kila wiki: "Fundi, nimenunua dai mpya, inatafuna thredi, muuzaji ananizungusha, nifanyeje?" Nikiuliza fimbo ilikuwa na kipenyo gani kabla ya kukatwa, kimya. Nikiuliza dai ni ya duara au ya pembe sita, naulizwa kwani kuna tofauti. Ipo.

Kwa wageni: dai hii ni kile chuma cha kukatia thredi za nje, yaani ile mikato ya skrubu, kwenye fimbo. Dai hili ni lile unalompelekea muuzaji. Somo linahusu yote mawili, na mpangilio wake una maana: la pili halisimami bila ya kwanza kupimwa.

Hatua ya 1. Soma kilichochongwa usoni mwa dai. M10x1.5 si M10x1.25: kumi ni kipenyo kwa milimita, namba ya mwisho ni pichi, umbali wa thredi hadi thredi.

Hatua ya 2. Angalia umbo. Ya duara yenye mpasuko upande mmoja ndiyo ya kukata thredi mpya; mpasuko unairuhusu kubanwa na kuachiwa. Ya pembe sita, isiyo na mpasuko, imetengenezwa kusafisha thredi zilizoumia kwenye bolti, unaishika kwa spana na kuipitisha. Watu wananunua hiyo ya pembe sita kwa sababu inaonekana imara, wanakatia fimbo tupu, kisha wanalia. Hapo muuzaji hana kosa, labda kama alikuambia itakata.

Hatua ya 3. Pima fimbo. Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Niliwahi kuagiza dai ya M10x1.5. Fimbo niliyokuwa nayo iliandikwa kumi, nikaamini. Ilikuwa bado na ile ngozi nyeusi ya kutoka kiwandani. Nikafunga kwenye jiliwa, nikazungusha, ikawa nzito, nikaongeza nguvu. Thredi zikatoka vilele vimenyofoka kama vimetafunwa na panya, na dai ikapoteza meno mawili. Nikamwandikia muuzaji barua ndefu kuliko hili somo, yenye maneno ambayo leo nayaonea haya. Jibu lake lilikuwa mistari miwili: pole kwa usumbufu, tafadhali tutumie kipenyo cha fimbo kabla ya kukatwa. Nikachukua vernia, kile kipimo cha kubana kitu na kusoma unene wake, nikapima sehemu ambayo dai haikufika. 10.3. Nikakaa chini.

Kanuni ni hii: fimbo iwe nyembamba kidogo kuliko namba ya dai, kwa sababu chuma kikikatwa kinasukumwa kwenda juu na kujaza vilele. Toa moja ya kumi ya pichi, yaani ya umbali kati ya kilele na kilele. Kwa M10x1.5 unatoa 0.15, inabaki 9.85. M8 ya 1.25 iwe kama 7.87, M6 ya 1.0 iwe 5.9, M12 ya 1.75 iwe kama 11.82. Pima sehemu tatu za urefu, na kila sehemu pima mara mbili kwa kugeuza fimbo robo mzunguko, maana nyingine ni yai, si duara. Ngozi nyeusi iondoe kabla hujapima. Ni ngumu na inakula makali ya meno. Andika namba uliyopata kabla ya kukata. Ukishamaliza fimbo yote, huna tena cha kupima, na huna la kumwambia mtu.

Hatua ya 4. Chonga ncha ya fimbo mshazari pande zote.

Hatua ya 5. Upande wenye maandishi ndio kwa kawaida unaoanza. Kama huna uhakika, tazama meno: upande wa kuingilia, meno ya kwanza yamepunguzwa taratibu.

Hatua ya 6. Kata. Kwenye mpini unaoshika dai kuna skrubu tatu: ya kati inaingia kwenye mpasuko na kuifungua dai, za pembeni zinaibana. Mara ya kwanza kaza ya kati, dai iwe imefunguka. Oili. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili chuma kilichokatwa kivunjike. Ukimaliza, bana kidogo na urudie, ukijaribu kwa nati mpya kila mara. Wanaotaka thredi kamili kwa mara moja ndio wanaovunja meno.

Hatua ya 7. Pima ulichopata. Weka vernia kutoka kilele cha kwanza hadi cha kumi na moja. Narudia, cha kumi na moja. Vilele kumi vina nafasi tisa tu, na nimeona mtu akimshitaki muuzaji kwa hesabu hiyo. Kwa pichi ya 1.5 upate 15.0. Kwa 1.25 upate 12.5.

Hatua ya 8. Sasa itazame dai yenyewe. Nimekutana na ubovu wa kweli wa aina nne. Kwanza, iliyoandikwa pichi moja na kukata nyingine. Hatua ya 7 inaikamata. Pili, meno yaliyovunjika tangu kwenye boksi. Chukua kioo cha kukuza na taa, kabla ya matumizi ya kwanza. Tatu, tundu lililochongwa upande: chukua bolti mpya ya saizi hiyohiyo unayoiamini, pandisha dai kwa vidole, tazama kwa ubavu. Ikicheza kama gurudumu la baiskeli lililopinda, hiyo ni mbovu, na hujaiachia hata mkwaruzo. Nne, chuma laini. Tupa nzuri ikipita kwenye dai iliyokaushwa sawasawa, yaani iliyotiwa ugumu kwa moto, huteleza kama juu ya kioo; ikiuma, basi chuma ni laini. Lakini usipitishe tupa kabla ya kumwuliza muuzaji. Alama ya tupa ndiyo sababu ya kwanza watakayoitumia kukuambia umeichezea.

Hatua ya 9. Andika dai lako. Fupi. Tarehe ya kununua, maandishi yaliyo kwenye dai, aina ya chuma, kipenyo cha fimbo kabla, ulichopaka, ulichopima baada. Picha: nyuso zote mbili za dai, thredi ikiwa kando ya vernia, risiti. Sema unataka nini, kimoja: nyingine au fedha zako. Usiinoe, usiitupe, usiisugue kwa brashi ya waya. Fimbo uliyoharibu itunze nayo.

Mara ya pili nilipolalamika, safari hii dai ikiwa mbovu kweli (iliandikwa 1.5, ikakata 1.25) niliandika mistari mitano na picha tatu. Nikajibiwa siku ya pili kwamba nyingine inakuja na ile ya zamani nibaki nayo. Ninayo mpaka leo, nimeipaka rangi nyekundu, na naitumia kama dai nzuri tu ya 1.25.

Na muuzaji anayekuuliza vipimo hakuzungushi, anakuhudumia. Anayekuzungusha ni yule anayejibu "bidhaa zetu hazina tatizo" bila kuuliza chochote. Huyo mpe nafasi moja zaidi, kisha mwandikie mtengenezaji moja kwa moja na umwambatanishie majibu hayo.

Maswali hapa chini.

---

Nati Legevu: Mkuu somo zuri ila mimi yangu ni mbovu kweli. Inakata hovyo. Niirudishe?

Mwandishi: Kipenyo cha fimbo?

Nati Legevu: Sijapima ila ni ya 12.

Mwandishi: Hatua ya 3.

Spana Kumi: Ndefu sana hii. Kwa kifupi dai gani ni nzuri?

Mwandishi: Iliyopimwa.

Binti Jiliwa: Shikamoo fundi. Nimefungua dai yangu mpya leo, sijaitumia. Meno mawili ya mwanzo kila safu yamesagika, kama yameliwa. Nilikuwa tayari naandika malalamiko, nikaona somo. Huu ni ule ubovu wa pili?

Mwandishi: Marahaba dada. Umefanya vizuri kuuliza kwanza. Huo si ubovu, huo ni mlango. Meno hayo yamepunguzwa makusudi ili kila jino lichukue kiasi kidogo cha chuma, la mwisho ndilo linamalizia kina. Angalia mambo mawili: upunguzo uwe sawa kwenye safu zote, na uso wake uwe laini unaong'aa kama uliosagwa kwa jiwe. Jino lililovunjika huwa na uso wa chengachenga, kijivu, na huwa peke yake kwenye safu moja. Ukiona hivyo, piga picha leo kabla haijagusa chuma.

Binti Jiliwa: Zote sawa na zinang'aa. Asante. Na ile ya pembe sita, siwezi kabisa kuikatia hata kitu laini?

Mwandishi: Brasi na aluminiamu itakata, nimefanya. Tatizo haifunguki, kwa hiyo inachukua kina chote kwa mara moja, na kwenye chuma cha kawaida mkono wako utachoka au meno yatachoka. Kwenye brasi nenda nayo kikavu, taratibu.

Mzee wa Grenda: Mimi nimekatia bolti ya 12.9 niliyokuwa nimeisaga kupunguza unene, dai ya HSS, kile chuma cha zana za kasi, meno yakaruka yote. HSS si ndiyo ngumu kuliko zote? Wananiibia.

Mwandishi: Hiyo 12.9 kichwani ni darasa la nguvu, chuma kilichokaushwa. Dai ya mkono si ya kazi hiyo. Na sifa kubwa ya HSS ni kustahimili joto: hubaki na ugumu wake hadi karibu nyuzi 600, wakati chuma cha kaboni kinaanza kulegea baada ya 200 hivi. Kwa mkono, ukizungusha taratibu, hufiki hata huko. Dai ya kaboni iliyotengenezwa vizuri inatosha kazi za mkono.

Mzee wa Grenda: Kwa hiyo kosa ni langu?

Mwandishi: Ndiyo.

Sauti ya Mnunuzi: Naona unatetea wauzaji tu. Kuna wanaouza takataka, wanajua, na wewe unawatwisha wateja mzigo wa kupima. Mteja kalipa fedha yake, apimie nini?

Mwandishi: Ndugu, aina nne za ubovu nimezitaja mimi, si muuzaji. Hatua ya 9 nimekuandikia jinsi ya kumbana. Mimi dai zangu mbovu nimebadilishiwa zote, isipokuwa moja niliyoipiga tupa. Wewe umebadilishiwa ngapi kwa kupiga kelele?

Sauti ya Mnunuzi: Hakuna.

Mwandishi: Basi tuonane hatua ya 7.

Fundi Mshazari: Swali la upande. Dai yangu ya nusu inchi, nati ya nusu inchi inaingia mizunguko miwili mitatu halafu inakwama. Nimepima fimbo, iko sawa. Thredi zinaonekana safi kabisa. Nimebadilisha nati tatu.

Mwandishi: Swali zuri, na umepima, Mungu akubariki. Hesabu thredi zilizo ndani ya inchi moja, milimita 25.4, kwenye fimbo na kwenye bolti inayotoka na nati hizo. Naweka dau moja ni 12 na nyingine 13. Nusu inchi za kawaida zipo mbili: ya Kiingereza, Whitworth ya tangu 1841, ina thredi 12 kwa inchi na pembe ya digrii 55; na ya Kimarekani ina 13 na pembe ya digrii 60, ile aliyoipendekeza William Sellers mwaka 1864. Mizunguko ya kwanza zinasameheana, baada ya hapo tofauti inajumlishika mpaka zinabanana. Ubaya ni kwamba robo inchi zote mbili zina 20, kwa hiyo nati inaingia na mtu anadhani mfumo ni mmoja.

Fundi Mshazari: 12 kwenye fimbo, 13 kwenye bolti ya nati. Aisee. Muuzaji aliniambia "nusu inchi ni nusu inchi".

Mwandishi: Hilo sasa ni dai halali, kama uliomba ya Kimarekani. Ambatanisha na hayo maneno yake.

Brasi na Aluminiamu: Mkuu umesema oili tu. Kwa aluminiamu oili inanigandisha, vipande vinashikana na meno.

Mwandishi: Kwa aluminiamu tumia mafuta ya taa. Chuma cha kumimina, kikavu, ile vumbi yake inajilainisha yenyewe. Chuma cha kawaida, oili nzito.

Binti Jiliwa: Na kuzitunza? Zangu nimezitia kwenye kopo moja zote.

Mwandishi: Dada, zitoe leo hii. Zinagongana meno, halafu mwezi ujao unadhani zilikuja hivyo. Kila moja ifunge kwenye karatasi iliyopakwa oili kidogo, na andika saizi juu yake usihangaike kufungua.

Nati Legevu: Mkuu nimepima.

Mwandishi: Ehe.

Nati Legevu: 12.4

Mwandishi: Kaa chini kwanza. Kisha tafuta mwenye mashine ya kukereza akutolee hadi 11.8, na ile barua usiitume.

Nati Legevu: Nilishaituma jana.