Mnataka gesi asilia ifike mtaani kwenu? Anzeni hivi
Kama bomba la TPDC, shirika la serikali la mafuta na gesi, limeishia mtaa wa jirani hapo Dar msiende mmoja mmoja, jikusanyeni, orodhesheni nyumba zinazotaka, mpitie serikali ya mtaa ndo mpeleke barua TPDC, maana mkiwa wengi karibu na bomba gharama ya kila nyumba inashuka. Kabla mtaro haujachimbwa waonyesheni mafundi mabomba ya maji yanapopita, hii msiipuuze kabisa jamani. Bomba la plastiki gumu likishalazwa lifukiwe na mchanga laini kwanza, sio mawe. Siku ya kupima simama uangalie, maungio yanapakwa povu la sabuni, vipovu vikifura hapo panavuja, parudiwe. Na jiko la mtungi msichomeke hivihivi, nozeli, yaani vile vipande vyenye tundu dogo la kutolea gesi, lazima zibadilishwe.