Somo: Kuchagua antena ya mteja katika mtandao wa intaneti wa vijijini

Wajenzi wa mitandao midogo ya vijijini hubishana wiki nzima juu ya mnara, urefu wake na mahali pa kuusimamisha, kisha antena za wateja, yaani zile zinazofungwa kwenye nyumba zao ili kupokea intaneti kutoka mnarani, huagizwa kwa mkupuo mmoja, dazeni mbili za aina moja, kwa sababu muuzaji amepunguza bei. Somo hili linahusu kosa hilo. Mfano wangu ni mtandao ulio katika tambarare za mkoa wa Tabora, wenye mnara mmoja, antena za sekta, kila moja ikihudumia eneo la nyuzi 90, na masafa ya gigahezi 5.8.

Kwanza ieleweke kwamba antena ya mteja si jambo la mteja peke yake. Wateja wote wa sekta moja hugawana muda wa redio moja ya mnarani. Katika redio za 802.11n, ambayo ni aina mojawapo ya Wi-Fi, zenye mikondo miwili ya data na chaneli ya megahezi 20, mteja anayesikika vizuri hupokea kwa kasi ya hewani ya megabiti 130 kwa sekunde, ilhali anayesikika kwa shida hushuka hadi megabiti 13. Faili linalotumia sekunde moja ya muda wa mnara kwa mteja wa kwanza litatumia sekunde kumi kwa wa pili, na katika sekunde hizo kumi majirani wote wanasubiri. Kwa hiyo ukimwuzia mteja mmoja antena dhaifu ili kumpunguzia gharama, gharama hiyo wanailipa wenzake kila jioni.

Hatua ya 1: Hakikisha njia ya mawimbi iko wazi katika majira yote

Kuuona mnara kwa macho ukiwa juu ya paa hakutoshi. Mawimbi hayapiti kama uzi ulionyooshwa. Yanahitaji nafasi yenye umbo la mhogo, nyembamba kwenye ncha zote mbili na nene katikati. Kwa gigahezi 5.8 na umbali wa kilomita 5, nafasi hiyo katikati ya njia ina takriban mita 8 kutoka kwenye mstari wa kati hadi ukingoni, na asilimia 60 yake, yaani karibu mita 5, sharti iwe wazi. Kwa kilomita 10 utahitaji karibu mita 7, na uongeze mita 1.5 kwa sababu ya mviringo wa dunia.

Hapa niungame kosa langu. Niliwahi kupima njia ya shule moja mwezi Agosti, miombo ikiwa imepukutisha majani, nikafunga paneli ndogo, yaani antena bapa, na kuondoka nikiwa nimeridhika. Miti ya miombo huchipua kabla hata mvua hazijaanza, na kufikia Novemba walimu walikuwa wananipigia simu kila siku. Majani yana maji, na maji hunyonya mawimbi ya masafa haya. Tangu hapo nikipima wakati wa kiangazi huuliza wenyeji mti ulio njiani hufikia upana gani ukijaa majani, na mwembe ninauhesabu kuwa ukuta mwaka mzima. Dawa ya tatizo hili ni kimo au kuhamisha bomba la antena upande wa pili wa nyumba. Dishi kubwa si dawa, ingawa wengi hukimbilia huko.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mawimbi kabla ya kwenda dukani

Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa tu. Mawimbi ya gigahezi 5.8 hupoteza takriban desibeli 108 (desibeli ni kipimo cha kupungua au kuongezeka kwa nguvu ya mawimbi) katika kilomita ya kwanza, na kila umbali unapoongezeka mara mbili upotevu huongezeka kwa desibeli 6. Kilomita 2 ni 114, kilomita 5 ni 122, na kilomita 10 ni 128.

Tuseme redio ya mnarani pamoja na antena yake ya sekta inatoa jumla ya dBm 36 (dBm ni nguvu iliyopimwa kwa desibeli), ambazo ni wati 4, kuelekea kijijini. Kwa mteja aliye umbali wa kilomita 5, ukitoa 122 kwenye 36 unabaki na -86; namba hizi za hasi zinavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu zaidi. Hapo ndipo unaongeza geini ya antena ya mteja, yaani uwezo wake wa kukusanya mawimbi, ile namba ya dBi. Paneli ndogo ya dBi 13 itakufikisha -73, na dishi la dBi 23 litakufikisha -63. Redio nyingi za aina niliyoitaja huhitaji karibu -75 ili zibaki kwenye kasi ya juu kabisa. Paneli basi ina akiba ya desibeli 2 tu, ambayo upepo ukilisogeza bomba kidogo inakwisha, ilhali dishi lina akiba ya 12. Mimi hulenga kati ya -55 na -65, na mteja akishindwa kufika -70 simfungii mpaka njia yake itengenezwe.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa upande wa kurudi, kutoka kwa mteja kwenda mnarani, kwa kuwa redio ya mteja yaweza kuwa na nguvu ndogo kuliko ya mnara. Malalamiko ya aina ya «napokea picha lakini kutuma hakuendi» mara nyingi huanzia hapo.

Hatua ya 3: Tazama upana wa mwale, si geini peke yake

Antena haitengenezi nguvu mpya. Inakusanya ile iliyopo na kuielekeza, kama kioo cha kurunzi kinavyokusanya mwanga, na kadiri geini inavyopanda ndivyo mwale unavyokuwa mwembamba. Paneli ya dBi 13 husikia eneo la karibu nyuzi 45. Dishi la sentimita 40 lina takriban dBi 25 na mwale wa nyuzi 9. La sentimita 60 linakaribia dBi 29 na mwale wa nyuzi 6.

Wembamba huo ni faida ambayo wengi hawaihesabu. Katika kijiji chenye mnara mmoja, paneli husikia mnara wako tu na haidhuru. Katika mji mdogo wenye watoa huduma watatu, paneli ileile husikia minara yote, na kwa redio minara ya wengine ni kelele. Mteja mwenye -62 katikati ya kelele ya -75 ana hali mbaya kuliko mwenye -68 penye kelele ya -95. Mahali pa namna hiyo mimi huchagua dishi hata kwa mteja wa kilomita 2, kisha ninapunguza nguvu ya redio yake ili naye asiwapigie wengine kelele.

Lakini wembamba una masharti. Mwale wa nyuzi 6 ukipotoka kwa nyuzi 3 tu, unapoteza nusu ya nguvu. Ukifunga dishi la sentimita 60 kwenye bomba jembamba lililopigiliwa kwenye mbao za paa, umefunga bendera.

Hatua ya 4: Kagua umbo na viungo

Chagua antena iliyounganishwa na redio yake katika kifaa kimoja. Anayenunua redio peke yake, akaiacha ndani ya nyumba na kupandisha waya wa antena mita 10 hadi juu ya paa, hata akitumia waya mzuri wa aina ya LMR-400, hupoteza karibu desibeli 3.5, ambazo ni zaidi ya nusu ya nguvu. Waya wa mtandao unaobeba data na umeme kwa pamoja hauna hasara hiyo mpaka mita 100, ila uwe wa kutumika nje, unaostahimili jua, na uunganishwe na ardhi kwa ajili ya radi.

Epuka pia madishi ya zamani ya nyavu yenye mkao mmoja wa wimbi. Redio za leo hutuma mkondo mmoja wima na mwingine mlalo, na antena ya mkao mmoja hukunyang'anya nusu ya kasi hata geini yake ikiwa 24.

Kwa anayetumia sola, redio ya wati 7 hula wati-saa 168 kwa siku, usiku ukiwemo.

Hatua ya 5: Lenga kwa subira

Zungusha dishi polepole kushoto na kulia mpaka upite kilele cha mawimbi pande zote mbili, ndipo urudi katikati. Kisha fanya hivyohivyo juu na chini. Dishi lina miale midogo ya pembeni, na fundi mwenye haraka hukaza nati kwenye kilele cha uongo. Usomaji ukiwa chini ya hesabu yako kwa desibeli 15 au zaidi, na njia iko wazi, yaelekea umekamata mwale wa pembeni.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Boksi la antena niliyonunua limeandikwa kilomita 30. Kwa nini kwangu inashindwa kwenye kilomita 8?

Jibu: Marahaba. Umbali wa kwenye boksi huchukulia kwamba ncha zote mbili zina antena kubwa zinazotazamana bila kizuizi wala kelele. Mwaka 2007 huko Venezuela waliunganisha vifaa vya Wi-Fi kwa umbali wa kilomita 382, lakini ilikuwa kutoka mlima hadi mlima. Wewe upande wa pili una antena ya sekta inayotawanya nguvu kwa nyuzi 90. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya 2, kisha pima mhogo wako katikati ya njia.

Swali: Niko Ukerewe, na mawimbi yanapita juu ya ziwa. Asubuhi ni mazuri, mchana yanashuka, jioni yanarudi. Nibadilishe antena?

Jibu: Ngoja kwanza, ndugu. Maji ni kioo: wimbi lililoakisiwa hukutana na lile lililonyooka, na yakipishana vibaya yanauana. Hali ya hewa juu ya maji hubadilika kulingana na saa, na njia za mawimbi hupinda nayo. Jaribu kushusha au kupandisha antena kwa mita moja au mbili, au kuisogeza nyuma ili ukingo wa nchi kavu uzibe lile linalotoka majini. Dishi jembamba husaidia kidogo tu, kwa kuwa mawimbi hayo mawili hufika kwa pembe zinazokaribiana mno.

Swali: Mteja wangu yuko mita 300 kutoka mnarani. Nimemfungia dishi la dBi 23 lililokuwa limebaki stoo, na intaneti yake inakatika-katika.

Jibu: Kwa mita 300 upotevu ni desibeli 97, hivyo anapokea karibu -38. Mawimbi hayo yana nguvu kupita kiasi, ni kama redio yake inapigiwa kelele sikioni. Mpe paneli ndogo, au angalau shusha nguvu kwa kadiri inavyowezekana, na dishi ulitunze kwa mteja wa kilomita 5.

Swali: Kwetu ni milima mitupu, mnara hauonekani kabisa. Kuna antena ya kupenya?

Jibu: Kwa gigahezi 5.8, hakuna. Tafuta nyumba iliyo kilimani inayoona pande zote mbili, uifanye kituo cha kupokezana. Njia nyingine ni kushuka masafa: mtandao wa jamii wa Kondoa, mkoani Dodoma, umetumia nafasi zilizo wazi katika masafa ya televisheni, ambayo hupinda kwenye vilima na kupita katika miti vizuri zaidi. Masafa hayo yanahitaji kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na antena zake ni kubwa.

Swali: Naweza kuweka paneli ndogo mbele ya dishi la zamani la televisheni?

Jibu: Unaweza, na nimeona likifanya kazi. Iweke pale kilipokuwa kichwa cha dishi. Kumbuka kwamba madishi mengi ya televisheni yana kichwa kilichokaa upande wa chini, kwa hiyo ili mwale uende mlalo dishi lenyewe litaonekana limeinama kama linatazama chini. Usiogope, lenga kwa kusoma mawimbi. Na kwa kuwa ni kipande kizito cha bati, kagua bomba lake kila baada ya upepo mkali.