Somo: Kugawa pipi za Halloween mwaka huu wa korona

Wazazi wenzangu tulioko Marekani, Oktoba 31 mwaka huu wa 2020 ni Jumamosi na mwezi utakuwa mpevu. Ndiyo Halloween, usiku ambao watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kwenda kuomba pipi kwa majirani. Watoto wanaisubiri kwa hamu, na wana haki: tangu Machi wengi wao wanasomea mezani nyumbani. CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, imeiweka desturi ya kugonga mlango kwa mlango kwenye kundi la hatari kubwa. Lakini pipi zilizofungwa kwenye vifuko na kupangwa ukingoni mwa uwanja, mtoto akajichukulia akipita, zimewekwa kwenye hatari ya kadiri. Tushike hapo. Mwaka huu pipi itoke nje imfuate mtoto, mlango ubaki umefungwa.

Hatua ya 1: vifuko. Nawa mikono kwa sabuni sekunde 20 kabla ya kufunga, na tena ukimaliza. Tia pipi za dukani zenye karatasi yake, tatu au nne zinatosha. Kashata zetu ziacheni za kula wenyewe. Wazazi wengi wa huku hawampi mtoto kitu kisicho na karatasi ya kiwandani, na wapo watoto ambao karanga huwaziba pumzi.

Hatua ya 2: meza. Iweke karibu na njia ya miguu. Vifuko viachane shibiri nzima, mkono wa mtoto uguse chake tu. Chora kwa chaki alama kila mita 2, waingie upande mmoja watokee mwingine. Wewe kaa nyuma na barakoa yako, uwasifu mavazi kwa sauti kubwa. Mtoto amevaa ili aonekane, msimnyime hilo.

Hatua ya 3: bomba la kuteremshia pipi hadi kwenye mfuko wa mtoto, kwa wenye ngazi mbele ya nyumba. Wazo hili limevuma kutoka Cincinnati, ambako baba mmoja alitumia bomba la karatasi ngumu. Mimi napendelea la plastiki, lile jeupe la maji machafu, kipenyo inchi 4, urefu futi 10. Piga msasa midomo yote miwili isimkate mtoto. Lifunge kwenye reli ya ngazi kwa kamba, mdomo wa juu ufikie kifua chako, wa chini uishie usawa wa mfuko wa mtoto, kamwe si usawa wa uso wake. Jaribu kwanza na pipi kubwa kuliko zote. Ikikwama, ongeza mteremko. Usisukume kwa fimbo. Kisha lizungushie karatasi za rangi ya chungwa na nyeusi, hiyo kazi wape watoto.

Maswali ya wanachama

*Mwanangu ana kinyago cha simba. Si kinatosha badala ya barakoa?*
Hapana, dada. Kinyago kina matundu. Wala usivipandanishe, atakosa hewa. Avae barakoa ya kitambaa, sharubu za simba mchoree mashavuni. Aliye chini ya miaka miwili asivae barakoa kabisa.

*Tunakaa ghorofani, korido nyembamba. Tukusanyike kwenye maegesho, pipi zikiwa kwenye buti za magari?*
Kaka, hilo nalo CDC imeliweka kwenye hatari kubwa, maana watu hubanana kwenye magari. Bora ufiche pipi ndani ya nyumba yenu, uzime taa, uwape watoto tochi wazitafute.

*Bibi anaishi nasi, ana kisukari.*
Shikamoo yake, mama. Mwekeni dirishani aone mavazi. Watoto wakirudi wanawe mikono kwanza, ndipo wafungue hata pipi moja.

*Naweza kuacha bakuli tu barazani?*
Mikono yote itazama humo, na wa kwanza anaweza kulimaliza. Panga vifuko.

*Sisi dini yetu hairuhusu. Tutawazuiaje wasigonge bila kuonekana wabaya?*
Zimeni taa ya kibarazani. Mtaani watu wanaielewa alama hiyo, watapita bila kinyongo.