Nati ya kumwagia oili ya gia boksi ikijificha mahali racheti haiingii

Kama nati ya gia boksi yako ni ile ya tundu la pembe sita na imekaa karibu sana na fremu, usihangaike na soketi na racheti (mpini wake wa kuzungushia), chukua alen ki (ufunguo wa chuma wa pembe sita) ya saizi hiyo ukate kipande cha sm 3 hivi kwa grinda, kisukume kwenye tundu halafu kishike kwa ring spana (spana yenye kichwa cha duara). Alen ya mm 10 inaingia kwenye ring spana ya mm 10, kwahiyo urefu wote unabaki ule wa kipande tu na unapata nafasi ya kuzungusha. Ila chokonoa kwanza tope ndani ya tundu kwa msumari mpaka kipande kifike mwisho wa tundu, mimi niliruka hiyo hatua nusura niharibu pembe za tundu. Na fungua nati ya kujazia oili KABLA ya kumwaga, ikigoma baada ya oili kuisha gari haliendi popote. Tundu likishalika mviringo hii haisaidii, hapo ni kuchomelea nati juu yake